Kutafuta Kasoro ya Geji ya Joto katika Lori Kuukuu la Mwambao

Geji ya joto la injini inapoharibika, madereva wengi hushtushwa na mshale uliopanda hadi kwenye H (alama ya moto; C ni ya baridi), ilhali hapa Malindi na viungani mwake mshale wa kuogopwa zaidi ni ule uliolala chini na kutulia. Sababu yake ni ya umeme. Katika malori mengi ya zamani, sensa iliyofungwa kwenye injini huwa na waya mmoja tu unaokwenda kwenye geji, na umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na chesisi. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo ukinzani wa sensa, yaani kiasi inavyouzuia umeme, unavyopungua, umeme mwingi zaidi ukapita, na mshale ukapanda. Sasa chumvi ya upepo wa baharini ikila kichwa cha waya, au ikaozesha shaba ndani ya mpira wake, au ikajenga kutu baina ya injini na chesisi, ukinzani huongezeka mahali pasipotakiwa, umeme hupungua, na geji husoma baridi kuliko ukweli ulivyo. Lori linalobeba chumvi kutoka Gongoni au Marereni hushambuliwa mara mbili, kwa upepo na kwa shehena yenyewe. Dereva wake anaweza kuvuka daraja la Sabaki akijifariji kwamba mshale haujafika hata nusu, kumbe injini imekwisha kuchemsha.

Kwa ajili hiyo, uchunguzi unaoelezwa hapa huanza na maji, ukafuata nyaya, na geji yenyewe huguswa mwisho. Najua desturi ya mafundi wengi ni kukimbilia dashibodi na bisibisi mkononi, lakini geji ndiyo sehemu isiyoharibika sana kuliko zote, na ndiyo iliyo ngumu zaidi kuifikia.

Hakikisha kwanza hali halisi ya injini

Injini ikiwa imepoa kabisa, yaani baada ya kulala usiku kucha, fungua kofia ya rejeta utazame kiwango cha maji. Usiifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Kofia iliyoandikwa 0.9 hushikilia shinikizo linaloyawezesha maji kufika karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka, na ukiiondoa ghafla maji hayo hugeuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Maji yakiwa yamepungua, jaza kwanza kabla ya kupima kitu kingine chochote, kwa kuwa sensa imeundwa kusoma joto la maji yanayoizunguka. Maji yakishuka chini ya ncha yake, sensa hubaki katika hewa na mvuke, na inaweza kuonyesha joto la wastani wakati hedi ya silinda, kile kifuniko cha juu cha injini, inaungua. Huu ni udanganyifu ambao hakuna geji mpya itakayouondoa.

Baada ya kujaza, washa injini na uiache ipate joto. Mpira wa juu wa rejeta hubaki wa vuguvugu kwa muda, kisha hupata moto kwa haraka pale themostati, yaani kifaa kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, inapofunguka, jambo ambalo katika injini nyingi hutokea karibu na nyuzi 82. Ikiwa unayo bunduki ya kupimia joto kwa mwanga, ielekeze kwenye chuma kinachofunika themostati, mahali palipo peusi au penye kutu kidogo, kwa sababu chuma kinachong'aa huifanya isome chini. Zile bunduki zilizotumiwa milangoni mwa ofisi na misikiti wakati wa korona hazifai kwa kazi hii. Ziliundwa kwa ajili ya joto la mwili wa binadamu na huishia nyuzi 43 hivi. Asiye na chombo chochote anaweza kudondosha tone moja la maji kwenye chuma hicho, mbali na feni: likilia na kutoweka papo hapo, chuma kimezidi kiwango cha kuchemka, na lori lisiondoke, likitandaa na kukauka polepole, joto bado liko chini ya hapo.

Iwapo injini kweli inachemsha, acha habari ya geji. Tazama mkanda wa feni, pampu ya maji, mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi, themostati na gasketi ya hedi. Geji imefanya kazi yake.

Kuna jambo jingine la kuuliza kabla ya kulaumu umeme, nalo ni kama themostati bado ipo. Pwani yote utakuta malori yaliyong'olewa themostati kwa hoja kwamba kwetu ni joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Hoja hiyo siikubali. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi, na mshale wake hukaa chini karibu na C katika safari ya alfajiri hata kama geji ni nzima kabisa. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji, hivyo ikiondolewa sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na lori likachemsha milimani kwa sababu ya kile kile kilichodhaniwa kuwa dawa. Irudishe, kisha usome mshale upya.

Kuusoma mwendo wa mshale

Mshale wenyewe hutoa habari nyingi kwa namna unavyokwenda. Maji ya injini ya lori ni lita nyingi, na hayawezi kupanda au kushuka nyuzi 30 kwa kufumba na kufumbua. Mshale unaoruka ghafla kutoka nusu hadi H na kurudi, hasa lori linapopita kwenye matuta au shimo, unaonyesha waya uliolegea au uliochubuka unaogusa chuma. Mshale unaopanda na kushuka kwa mawimbi ya nusu dakika au zaidi, bila kufuata mitikisiko ya barabara, unahusu maji: hewa iliyonaswa ndani ya njia za maji, au gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi. Mshale unaosogea kila unapowasha taa kubwa au kubonyeza breki unaonyesha kwamba kuna athi mbovu (athi ni ile njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma), ama ya dashibodi ama ya injini. Na ukiona geji ya joto na ya mafuta zimepotoka kwa pamoja, usishughulike na sensa hata kidogo, kwa maana kinachoziunganisha kiko nyuma ya dashibodi, na nitakieleza baadaye.

Kipimo cha waya mmoja

Hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote, na hakihitaji zaidi ya kipande cha waya na balbu ndogo. Weka vizuizi kwenye magurudumu, na kama ni lori la kuinua kebini, hakikisha kitegemeo chake kimejifunga kabla ya kuingiza kichwa. Itafute sensa karibu na nyumba ya themostati au kwenye hedi. Injini nyingine zina mbili, moja ya geji na nyingine ya taa ya onyo, na zinafanana kwa umbo. Ile ya taa ni swichi tu inayofunga kwa joto fulani, na ukiipima kwa kudhani ni ya geji utapoteza mchana mzima. Fuata rangi ya waya hadi uwe na hakika.

Chomoa waya wa sensa na uuache ukining'inia pasipo kugusa chuma, kisha fungulia swichi bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa ulale kabisa upande wa C. Sasa unganisha waya huo kwenye chuma safi cha injini ukipitishia kwenye balbu ya wati 3 hadi 5 inayolingana na volti za lori lako, 12 au 24. Mshale unatakiwa upande kuelekea H. Wapo wanaogusisha waya moja kwa moja kwenye chuma, na hufanya kazi, lakini isizidi sekunde mbili tatu, kwa kuwa baadhi ya geji za zamani huungua ndani zikipewa umeme wote. Katika aina chache mpangilio huwa kinyume, mshale ukipanda pale waya unapochomolewa. Linalotafutwa ni kwamba mshale uhame kutoka mwisho mmoja hadi karibu na mwisho wa pili.

Ukihama vizuri, geji na waya wake mrefu ni wazima, na kasoro iko kwenye sensa au kwenye athi yake. Usipotikisika kabisa, kasoro iko kati ya mkono wako na fyuzi, yaani waya, geji, au umeme unaoilisha. Ukibaki kwenye H hata waya ukiwa umechomolewa, waya huo unagusa chuma mahali fulani njiani, na aghalabu mahali hapo ni pale unapopita karibu na bomba la moshi au kwenye tundu la ukuta wa kebini ambalo mpira wake wa kinga umekwisha kukatika. Na ukihama kwa uvivu, ukifika nusu tu, shuku kutu ndani ya waya.

Athi, na kazi ya chumvi

Kabla ya kununua sensa, pima athi. Weka mita ya umeme kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na ya pili kwenye mwili wa sensa, injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa. Mita isome karibu na sifuri, volti 0.2 inavumilika, lakini ikifika nusu volti au zaidi, umeme unahangaika kurudi. Asiye na mita achukue waya mnene, aunganishe mwili wa sensa na nguzo hasi, na autazame mshale: ukizinduka na kupanda, jibu limepatikana.

Kosa la athi mara nyingi liko kwenye ule utepe wa shaba iliyosukwa unaounganisha injini na chesisi. Injini hukalia mipira, kwa hiyo utepe huo ndio njia yake kuu ya umeme, nao uko wazi, chini, mahali panaporushiwa maji ya barabarani. Miezi ya kusi, bahari inapochafuka na unyevu wa chumvi kufika mbali na ufuo, utepe huo hugeuka kijani kisha ukakatika nyuzi moja moja. Ufungue ncha zote mbili, kwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, badilisha utepe ukiwa umeliwa, kaza, kisha upake grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Wapo wanaopaka rangi kabla ya kukaza ili kuzuia kutu, na kwa kufanya hivyo huutenga umeme kwa mikono yao wenyewe.

Sensa nayo hupata athi kupitia uzi wa skrubu yake. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba, unaozungushwa ili maji yasivuje, unaweza kuutenga na injini. Ukikuta umezungushwa mara nyingi, utoe, safisha uzi, na utumie gundi kidogo ya kuzibia, ama utepe mzunguko mmoja tu usiofika mwisho wa uzi.

Kuhusu waya wenyewe, usitosheke na sura ya nje. Chumvi huingia kwenye ncha na kupanda ndani ya mpira kwa unyevu, hata waya unaoonekana mpya ukawa na shaba nyeusi ndani. Kata kidogo kidogo kutoka kwenye ncha mpaka ukute shaba nyekundu inayong'aa. Ikiwa weusi umeendelea kupita urefu wa kiganja, vuta waya mpya wote. Kiungo kipya kibanwe au kilehemiwe kwa risasi, kivikwe mpira unaonywea kwa joto, na kielekezwe chini ili maji yasituame. Kuuzungusha kwa mkono na kuufunga gundi nyeusi ya umeme ni kazi ya kukufikisha Kilifi, si zaidi.

Kuichemsha sensa

Waya na athi zikiwa salama, ing'oe sensa injini ikiwa ya baridi, uwe na kizibo tayari ili maji yasimwagike yote. Tazama ncha yake. Maji ya visima vingi vya Malindi hutoka kwenye mwamba wa matumbawe, nayo yana chokaa na chumvi. Rejeta inayojazwa maji hayo hujenga gamba jeupe kama lile la ndani ya birika, na gamba hilo likiifunika ncha ya sensa, joto huchelewa kuifikia. Loweka ndani ya siki, sugua kwa upole, kisha jaza rejeta maji ya mvua au yaliyosafishwa pamoja na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta.

Sasa tia maji kwenye sufuria, ning'iniza sensa kwa waya ili ncha izame bila kugusa chini, na kichwa chake kibaki kikavu juu ya maji, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme na kuharibu kipimo. Weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, ncha moja kichwani na nyingine kwenye mwili. Katika maji baridi, sensa nyingi husoma mamia kadhaa hadi elfu kadhaa za omu, na yanapotokota hushuka hadi makumi, au mia na ushei. Takwimu hutofautiana baina ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo usizishikilie sana; tazama kama ukinzani unashuka mfululizo na kwa utaratibu. Ukirukaruka, ukakwama mahali pamoja, au mita isisome kitu, sensa imekwisha.

Hapa mtu wa Malindi ana faida ambayo fundi wa Nairobi hana. Tuko usawa wa bahari, na maji yanayotokota kwetu ni nyuzi 100 kamili, wakati kule juu, mita 1,700 hivi, hutokota karibu na nyuzi 94. Sufuria ikichemka umepata kipimajoto cha kuaminika bila kununua. Itumie pia kukagua geji nzima: rudisha waya kwenye sensa iliyomo majini, unganisha mwili wake na chesisi kwa waya mwingine, fungulia swichi, na uone mshale unasimama wapi kwa nyuzi 100. Mahali hapo pakumbuke.

Unaponunua sensa mpya, nenda nayo ya zamani dukani pamoja na mita. Uzi kulingana hakutoshi. Ziko sensa zenye skrubu ya aina moja na ukinzani tofauti, nazo huingia bila taabu na kusoma uongo tangu siku ya kwanza.

Nyuma ya dashibodi

Ukilazimika kufika huku, ondoa kwanza waya wa nguzo hasi ya betri, kisha uurudishe tu wakati wa kupima. Fyuzi na umeme unaoingia kwenye geji hupimwa kwa dakika moja na havihitaji maelezo. Kinachohitaji uangalifu ni aina ya geji. Fungulia swichi na utazame: mshale unaopanda kwa kutambaa, ukichukua sekunde kadhaa, ni wa aina ya ukanda wa chuma unaopashwa joto na umeme, ule unaoruka mara moja hadi mahali pake ni wa koili. Aina ya kwanza, hasa katika magari ya Kiingereza ya zamani, hulishwa na kidhibiti volti kinachotoa wastani wa volti 10 kwa kukata na kuunga umeme, na kidhibiti hicho huihudumia geji ya mafuta pia. Kikiharibika, zote mbili hupotoka. Kikikosa athi hukwama kikiwa kimeunga, volti zote zikapita, na geji zote zikasoma juu. Ukikipima kwa taa ya kupimia na ukaiona inapepesa, kinafanya kazi. Safisha skrubu inayokishikilia kabla ya kukibadilisha. Na usifunge geji ya volti 12 katika lori la volti 24 hata kama inaingia sawasawa kwenye tundu.

Iwapo nyuma ya geji hakuna waya bali mrija mwembamba wa chuma uliojisokota, geji yako ni ya shinikizo na haitumii umeme kabisa. Itumbukize ncha yake kwenye ile ile sufuria. Mshale usipopanda, mrija umepasuka na umajimaji wake umetoka, na njia ni kubadilisha seti nzima. Kwa lori la chumvi mimi huipendelea aina hii, kwani hakuna kutu ya waya wala athi ya kuidanganya. Adui wake ni mtikisiko, hivyo mrija ufungwe kwa vibanio vyenye mpira, uachwe na mzunguko mmoja mpana kati ya injini na kebini, na usikunjwe kwa pembe kali.

Kila kitu kikisharudi mahali pake, pasha injini joto hadi mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, kisha endesha na mzigo kidogo na usome mshale unakotulia. Tia nukta ya rangi ya kucha juu ya kioo mahali hapo, na ya pili mahali mshale uliposimama sufuria ilipokuwa ikichemka. Nukta hizo zikae pembeni, zisifunike herufi ya H, na dereva yeyote atakayelishika lori aelezwe maana ya kila moja kabla ya kuondoka, pamoja na agizo kwamba mshale ukilala chini ya nukta ya kwanza katikati ya safari, asimame atazame maji injini ikishapoa.